Njia Inapoteleza



Sisi tukaao Kisii na Nyamira twaijua mvua ya Aprili. Udongo wetu mwekundu huwa kama sabuni, na mteremko mmoja watosha kumfundisha dereva unyenyekevu. Ndugu zetu walioko Ulaya hupata taabu iyo hiyo katika theluji na barafu.

Mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda mbio za magari za Safari kwa Datsun 240Z. Nguvu zote za gari lile la michezo zilikwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Gari la namna hiyo, ukikanyaga mafuta kwa pupa matopeni, magurudumu huzunguka bure na mkia huenda kando. Mwenye hofu hukanyaga breki ghafula, naye huzidi kuteleza. Mwenye busara huinua mguu polepole, hugeuza usukani upande ule ule mkia unakoelekea, na hungoja magurudumu yashike tena.

Je, nyumbani si hivyo? Maneno yakianza kuteleza kati ya mume na mke, au baba na mwana, twaongeza sauti, kama aongezaye mafuta matopeni. Asafu, katika Zaburi ya 73, alikaribia kuanguka kwa sababu ya wivu. Hakupona kwa nguvu zake, bali alipoingia mahali pa Mungu.

Ndugu, garini mwako wamo abiria: mke, watoto, wazee. Leo jioni, kabla ya kujibu neno kali, inua mguu kwanza.

Bwana atushike sote njiani. Amina.