Karibuni Tuwasikilize Wapiga Piano Wetu Chipukizi
(Hotuba ya Katibu wa Kwaya)



Kwa miaka 25 mmetusikia tukiimba. Leo, kwa robo saa, tutanyamaza. Vijana wetu wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja, watakaa mmoja mmoja kwenye piano na kupiga bila waimbaji, bila ngoma, na bila ule mdundo wa mashine tunaouwasha kwenye kinanda chetu. Jambo hili si geni kwetu Abagusii. Wazee wanamkumbuka mpiga obokano, peke yake na nyuzi zake nane, watu wote wakimtegea sikio.

Wa kwanza atapiga Invensheni ya kwanza ya Johann Sebastian Bach. Bach alikuwa mtu wa kwaya kama sisi: tangu 1723 hadi alipofariki 1750 aliongoza muziki wa kanisani mjini Leipzig, Ujerumani, na kufundisha wavulana wa kwaya. Vipande hivyo 15 aliwaandalia wanafunzi, ili kila mkono ujifunze kuimba sauti yake. Sikilizeni mkono wa kulia ukianza na wa kushoto ukiitikia, kama soprano na besi. Wawili watafuata na vipande vya Robert Schumann, kutoka mkusanyiko wa 1848 alioanza kuuandika kwa ajili ya binti yake. Wa mwisho atatupigia "Für Elise" ya Beethoven, ya mwaka 1810.

Kwenye kwaya, ukikosea noti jirani anakufunika. Hapa hakuna jirani. Ndiyo maana tunawaheshimu vijana hawa.

Tena tuna deni kwao. Mwaka jana mpiga kinanda wetu alipopata kazi mbali, ni hawa waliopokezana misa kwa misa hadi tukasahau kwamba tulikuwa na pengo. Wamejifunzia kinanda cha vibonye 61, kinachofungiwa chumbani siku sita za wiki. Nyumbani wamezoeza vidole kwenye vibonye vilivyochorwa juu ya kadibodi. Piano ya leo, yenye vibonye 88, tumeiazima. Jumatatu inarudi kwa mwenyewe.

Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music tangu 1944, lakini nauli ya kwenda huko kila wiki nani ataimudu? Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, huwapa wapiga piano wa shule nafasi ya kushindana. Watoto wa Mosocho watafikaje huko kwa mazoezi ya Jumamosi pekee?

Kwa hiyo katika jubilei hii hatuombi sare mpya. Tunaomba chumba cha kinanda kifunguliwe saa moja kila jioni, na mtu mzima mmoja ajitolee kushika ufunguo. Wazazi nao tunawaomba: mtoto akiwa kwenye kinanda, nyasi ya ng'ombe inaweza kungoja nusu saa.

Sasa tuzime simu. Tusipige makofi katikati; tungoje mpigaji ainue mikono na kusimama. Hapo, akina mama, vigelegele ni vyenu.