Ameachwa, Mbona Hajali?

Msikilizaji, tutazame jambo linaloumiza wengi kimyakimya. Wapenzi wameachana Jumamosi, Jumatatu kijana yuko kijiweni, kahawa mkononi, anabishana kuhusu Simba na Yanga. Dada akisikia, analia: kumbe hakunipenda!

Wapo wasiojali kweli, hao tusiwatetee. Lakini sikiliza hili. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walichapisha majibu ya watu 5,705 kutoka nchi 96 kuhusu kuachana na wapenzi. Wanawake walitaja maumivu makali kidogo zaidi mwanzoni, ila wao ndio wanaopona vizuri. Wanaume, kwa maoni ya watafiti hao, husonga mbele tu bila kupona sawasawa.

Nakubaliana nao. Mvulana akianguka tunamwambia, “Jikaze, wewe mwanamume.” Dada ana shoga zake na mama mdogo wa kumlilia; lakini kaka, aliyekuwa akimweleza siri zake ni huyohuyo aliyeondoka.

Upande wa pili, kimya cha kaka humwacha mwenzake bila maelezo, na hiyo si haki hata kidogo.

Sasa nikuulize, msikilizaji: kaka huyo akitaka kuzungumza usiku wa leo, hapo kwenu atamwendea nani?