KONZO: UGONJWA WA MIGUU UNAOTOKA KATIKA MIHOGO MICHUNGU

Wenye kubeba watoto mugongoni, muwashushe, muwanyonyeshe, tusikilizane vizuri.

Leo tunasema juu ya konzo. Ni ugonjwa wa miguu, na hauna dawa ya kuuponya. Lakini mama mwenye kujua kazi ya mihogo anaweza kuuzuia usiingie nyumbani mwake hata siku moja. Kwa hiyo tunajifunza mbele ya ugonjwa kufika.

KONZO NI NINI?

Mutoto analala muzima. Asubuhi anataka kusimama, miguu inatetemeka, inakuwa migumu kama fimbo, naye anaanguka. Ao mama anarudi kutoka shamba, safari ilikuwa ndefu, na hawezi tena kupiga hatua sawasawa. Hana homa, hana kidonda. Kwa siku chache tu ugonjwa umemaliza kazi yake. Hauendelei kuzidi mwaka kwa mwaka, lakini miguu hairudii tena nguvu yake ya kwanza.

Mwenye kupatwa kidogo anatembea kwa vidole vya miguu, magoti yakigusana. Mwingine anahitaji fimbo moja ao mbili. Mwingine hatembei kabisa. Kwa wengine hata mikono, macho na ulimi vinaguswa.

Wanaopatwa zaidi ni watoto waliopita miaka 3, na wamama wenye umri wa kuzaa. Mutoto anayenyonya bado hupatwa mara chache sana.

CHANZO CHAKE KILIJULIKANA NAMNA GANI?

Jina hili linatoka kwa Wayaka wa Kwango, katika inchi yetu ya Kongo. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Mwaka 1938 muganga Giovanni Trolli aliandika habari za wagonjwa wa kule. Wakati ule chanzo hakikujulikana. Watu wengi walisema ni uchawi.

Mwaka 1981 ukame ulipiga jimbo la Nampula, kule Msumbiji. Katika mwaka ule watu 1,102 walihesabiwa wenye miguu iliyokauka. Waganga, na kati yao Julie Cliff na Hans Rosling, walitafuta ndani ya chakula. Walikuta watu walikuwa wanakula mihogo michungu tu, isiyotengenezwa vizuri juu ya njaa. Walipopima damu na mukojo, walikuta alama za sumu inayoitwa sianidi. Mwaka 1985 ugonjwa ule ule ulionekana Tarime, Tanzania, tena wakati wa ukame.

Waganga walitafuta pia kama ni virusi inayopita kwa damu. Hawakuikuta. Basi konzo haiambukizi. Mutoto anaweza kucheza na kulala pamoja na mwenye konzo bila hofu yoyote.

Sikieni pia habari ya Bandundu. Barabara ya Kinshasa ilitengenezwa vizuri, na wachuuzi walikuja na magari kununua mihogo. Wamama walikuwa na desturi ya kuacha mihogo majini siku 3. Juu ya haraka ya soko wakaanza kuitoa nyuma ya siku moja. Konzo ikaongezeka katika vijiji. Mihogo ilikuwa ile ile ya wakubwa wao. Kilichopunguka ni siku za maji tu.

SUMU INATOKA WAPI?

Muhogo muchungu unajikinga na wanyama na wadudu kwa sumu iliyofungwa ndani yake. Muhogo unapolainika majini, sumu ile inafunguka, sehemu moja inaingia katika maji, sehemu nyingine inapotea katika hewa. Kuchemsha peke yake hakutoshi. Kuanika juani muhogo usiokaa majini hakutoshi pia.

Mwili nao una njia ya kujiokoa. Unabadilisha sumu kidogo kidogo na kuitoa kwa mukojo. Kwa kazi hiyo unahitaji nguvu inayotoka katika nyama, samaki, mayai, maziwa na maharagi. Basi mambo mawili yakikutana, hatari imefika: sumu nyingi katika bugali, na muchuzi usio na kitu cha kujenga mwili. Ndiyo maana nyumba yenye kula bugali na majani tu, asubuhi na mangaribi, wiki kwa wiki, ndiyo inayopatwa.

Tena mwaka 2013 uchunguzi kwa watoto wa Kahemba ulionyesha jambo la huzuni. Hata watoto wasio na konzo, lakini wanaoishi katika vijiji vyenye konzo, walikuwa nyuma katika kufikiri na kukumbuka. Sumu inagusa akili mbele ya kugusa miguu.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Menya mihogo michungu, iache majini siku 3 kamili. Kama maji ni ya baridi, ongeza siku moja. Alama ni hii: muhogo unavunjika kwa vidole bila nguvu.

2. Maji yale yamwagwe. Usipikie, usinyweshe mifugo.

3. Kiisha anika mihogo juani mpaka ikauke vizuri, mbele ya kusaga.

4. Kama una bunga ya soko na hujui mihogo yake ilikaa majini siku ngapi, fanya hivi. Changanya bunga na maji mpaka ilowane yote. Itandaze juu ya mukeka safi, unene usipite kipimo cha kidole kimoja kilicholala. Iache juani masaa 2, ao kivulini masaa 5. Sumu inatoka kama hewa. Kiisha pika bugali siku ile ile. Njia hii iliwekwa na Howard Bradbury wa Australia. Ilijaribiwa na wamama wa kijiji cha Kay Kalenda, upande wa Popokabaka, mwaka 2010 na 2011, na wakati wa kazi ile hakuna mutu mupya aliyepatwa na konzo.

5. Sombe itwangwe vizuri na kupikwa muda mrefu, juu majani nayo yana sumu.

6. Tia kitu cha kujenga mwili katika muchuzi: maharagi, karanga, soya, sambaza, yai. Maharagi kidogo kila siku ni bora kuliko nyama nyingi ya sikukuu moja.

WAKATI WA VITA

Wamama, konzo inafuata njaa na vita. Mwaka 2011 waganga waliandika kwamba imeonekana Kivu ya Kusini, katika pahali palipoharibiwa na vita. Mutu anayekimbia hawezi kungoja muhogo wake siku 3 mutoni. Anangoa usiku, anapika asubuhi. Sisi wa Beni na Butembo tunajua kukimbia ni nini. Basi, ukipokea wageni waliokimbia, wape na habari hii pamoja na chakula. Kama hamuwezi kufika mutoni bila hatari, mihogo inaweza kukaa majini katika pipa ao beseni nyumbani. Na njia ya kulowanisha bunga haihitaji muto wala siku 3.

MUTU AKIPATWA

Mulete kwenye kituo cha afya upesi. Usiseme mwenyewe kwamba ni konzo, juu kuna magonjwa mengine yanayofunga miguu. Polio inalegeza muguu, haiufanyi mugumu. Kifua kikuu cha mugongo nacho kinaleta kupooza, na kile kina dawa. Mwenye konzo atafundishwa mazoezi na kupewa fimbo za kutembelea, na aendelee na masomo. Jamaa yake yote ibadilishe chakula, asipatwe mwingine. Wala jirani asishitakiwe kwa uchawi.

MAULIZO YA KUKUMBUKA

Mihogo michungu inakaa majini siku ngapi? Alama yake ni nini? Bunga usiyoijua unaifanya namna gani? Muchuzi wa leo una kitu gani cha kujenga mwili?

Mama mwenye kujibu haya manne afundishe jirani yake mbele ya kliniki ijayo.