Matufaha kutoka Ng'ambo ya Nithi

Hotuba ya wanakwaya, Jubilei ya miaka 50

Msimamizi wa ratiba ametupa dakika 15, naye anajulikana kwa kengele yake, kwa hiyo tunaingia moja kwa moja.

Kwaya hii ilizaliwa na barabara. Vijana wetu wengi hawajui kwamba mji huu wa Embu ndio uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa ulioanzia Machakos na Kitui, ukapita Meru, ukafika Marsabit na Moyale. Ofisi za mkoa, hospitali, shule na chuo cha kilimo vilileta watu hapa kutoka kila upande. Alikuja karani kutoka Imenti, muuguzi aliyefunzwa Chogoria, mwalimu kutoka Chuka, dereva kutoka Kitui. Jumapili walikutana kanisani na wenyeji wa Embu na Mbeere, kila mmoja na kitabu cha nyimbo cha lugha ya kwao. Tuni ilikuwa ile ile na maneno yalikuwa mengine. Wazee wanatuambia kwamba wimbo mmoja uliweza kuisha mara tatu, kwa sababu kila lugha ilifika mwisho kwa wakati wake. Wakakubaliana waimbe Kiswahili. Haikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao, na kila mtu akawa mgeni kidogo, basi hakuna aliyekuwa mgeni zaidi ya mwenzake.

Wale waliotoka upande wa juu walipanga nyumba hapa mjini, lakini hawakusema wanakwenda "nyumbani" walipokuwa wakirudi kwenye chumba cha kupanga. Nyumbani kulikuwa ng'ambo ya mto Thuci. Siku hizo Wilaya ya Meru ilianzia pale pale mtoni. Tharaka-Nithi ilikuja kuwa wilaya peke yake mwaka 1992. Ukivuka daraja la Thuci ulikuwa umefika kwenu, hata kama bado ulikuwa na saa nyingi kabla ya kubisha mlangoni kwa mama.

Na saa zenyewe zilikuwa saa kweli! Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, na maji yake ya upande huu wa mashariki yote huteremka kwenda Tana, kila mto ukiwa umejichimbia bonde lake. Barabara yetu imepita ubavuni mwa mlima, kwa hiyo lazima iivuke yote: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu, hadi Kathita pale Meru mjini. Kabla ya lami ya miaka ya 1980, kila mto ulikuwa na kona za kushuka, daraja jembamba, na kona za kupanda. Mvua ya Aprili au ya Novemba ikinyesha, udongo mwekundu uligeuka sabuni. Besi na tena walishuka kusukuma gari, sauti ya kwanza na alto wakabaki ndani wakiimba ili kuwatia moyo. Waliosukuma wana maoni yao kuhusu mpango huo mpaka leo.

Mara nyingine dereva alikataa kabisa kupita huko, ikabidi kuuzunguka mlima mzima: Sagana, Karatina, Nanyuki, Timau, ndipo Meru. Wazee wetu husimulia baridi ya Timau kama watu waliorudi vitani. Lakini pia husimulia mashamba ya ngano yaliyoenea mpaka macho yakachoka, na mlima ukiwa umefunuka upande wa kulia, na theluji yake, ukiutazama kwa upande ambao kutoka kwetu hauonekani. Kuna wanakwaya waliouona mlima wao kwa nyuma kwa mara ya kwanza katika safari hizo.

Tulipanda na maembe ya Mbeere kama ni msimu wake. Tulirudi na mikungu ya ndizi, nduma, viazi vya Kibirichia, na kuku ambaye hakuna aliyekiri kuwa ni wake. Hatukuwahi kurudi na matufaha. Tufaha lilikuwa tunda la dukani Nairobi, tunda la kumpelekea mgonjwa hospitalini, moja tu, na mgonjwa alilikata vipande ili wageni nao waonje. Yaliletwa kwa meli, na mpaka yafike kwetu yalikuwa yamelala kwenye vyumba vya baridi muda mrefu. Mekundu ajabu kwa nje, na ndani kama unga wa mahindi uliolowa.

Hata watafsiri wa Biblia waliona taabu nalo. Mithali 25:11, mahali ambapo Biblia nyingi za Kiingereza zina tufaha, Union Version yetu ya Kiswahili imeweka chungwa, na sisi tunaona walifanya vyema, maana msomaji alilijua chungwa. Na kwa vile watoto wa shule ya Jumapili huuliza kila mwaka: kitabu cha Mwanzo kinasema tunda tu. Hakuna aliyeandika kwamba Hawa alikula tufaha.

Sasa tuje kwa Mzee wetu wa besi. Hatutamtaja jina, kwa sababu ametukataza, lakini kila aliyeimba hapa anamjua. Ni mmoja wa wale walioianzisha kwaya hii. Alipostaafu alirudi kwao, juu ya Nkubu, juu ya kahawa, kule chai inakokaribia mpaka wa msitu. Watu wa umri wake hupanda kahawa zaidi au huweka ng'ombe wa maziwa. Yeye alipanda mitufaha. Majirani walimcheka kwa heshima, maana ni mzee.

Tuliona kazi yake kwa macho yetu, na inafaa kuelezwa. Mtufaha ni mti wa nchi zenye majira ya baridi kali. Aina nyingi huhitaji saa kama 1,000 za baridi chini ya nyuzi 7 ndipo machipukizi yazinduke. Kutoka kwa Mzee mpaka mstari wa Ikweta ni mwendo mfupi. Hayo majira hayatakuja. Kwa hiyo alitafuta aina zinazoridhika na baridi kidogo. Moja inaitwa Anna, iliyozalishwa Israeli. Nyingine ni Dorsett Golden, iliyotoka visiwa vya Bahamas, ambako theluji huonekana kwenye picha tu. Anna peke yake hauzai vizuri; unataka chavua ya mti wa aina nyingine uliochanua wakati mmoja nao, na Dorsett Golden ndio unaochanua naye. Mzee anaziita alto na tena.

Halafu kuna kuudanganya mti. Baada ya kuvuna, mwenye shamba hunyonyoa majani yote kwa mkono, tawi kwa tawi, na kwa muda haumwagilii maji. Mti hudhani kipupwe kimefika. Ukipumzishwa hivyo, kisha ukapewa maji na mbolea, huchanua upya. Wakulima wa Batu, kisiwani Java kule Indonesia, wamefanya hivyo kwa miaka mingi na huvuna mara mbili kwa mwaka. Mwaka juzi tulipomtembelea alitukabidhi safu nzima tuinyonyoe. Tuliimba tukinyonyoa, na jirani mmoja alikuja mbio akidhani ni matanga, kwa sababu kwaya ya mjini imevaa sare shambani na miti iko uchi.

Matufaha yake si makubwa. Yana wekundu upande mmoja na kijani-manjano upande mwingine, na ukiyauma yanalia. Anna hailali sana. Wiki chache tu na imeanza kulegea. Haiwezi kungoja kama yale ya meli. Ni lazima uifuate ilipo, au mtu akuletee upesi, na hapo ndipo tunarudi barabarani.

Jumapili ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia kwenye bonde la Nithi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Haikuwa mara ya kwanza pale. Barabara hushuka kwa muda mrefu, kisha kuna kona, kisha daraja, na gari lililopoteza breki halina pa kwenda. Sisi tumevuka pale mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, tukiimba. Tangu jioni ile, kwaya hii hunyamaza tunapoanza kushuka Nithi. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Siku ya safari ya kwanza baada ya ajali, sauti moja ilikatika, halafu nyingine, mpaka basi likabaki na mlio wa injini tu, na tulipofika ng'ambo mtu mmoja wa alto akaanza tena ubeti pale pale tulipouachia.

Mzee hakuvuka tena. Alisema miguu yake inaweza kufika Embu lakini moyo wake haufiki daraja la Nithi. Wenzake wawili wa upande huo wakasema vivyo hivyo. Ndiyo sababu leo, katika jubilei ya kwaya waliyoianzisha, viti vitatu pale mstari wa mbele havina watu. Tumevifunika kwa kitambaa cheupe tukijua wenyewe wako hai, na msidhani vinginevyo. Mmoja wao ana umri wa miaka 84 na bado anaishika noti ya chini akiwa amekaa.

Kuna pendekezo mbele ya kamati kwamba safari ya Desemba isimamishwe. Tunawaheshimu walioleta pendekezo hilo. Wana sababu mbili, na zote ni za kweli: gharama ya kukodi basi imepanda, na wazazi wa vijana wetu wanaogopa Nithi. Wanasema fedha hizo zinunue kinanda kipya, na wazee wetu tuwaimbie kwa simu. Tumejaribu simu. Mtandao kule juu ulituletea besi ikiwa nyuma ya sisi kwa mstari mzima, na Mzee akauliza kama tumeanza kuimba Kiembu.

Tunasema hivi mbele ya kanisa, ili isiwe ni maneno ya nyuma ya ofisi: sisi wanakwaya tunaomba safari ibaki. Wale walioshuka hapa zamani kutafuta kazi walituachia sauti nne na sare ya kwanza, kisha wakarudi nyumbani kuzeeka. Watoto wao wako Nairobi, wengine Marekani na Uingereza. Siku ya kuvuna matufaha, Mzee yuko na kijana mmoja wa kibarua, na ndege, na tumbili wanaotoka msituni. Tunapoingia pale watu 40, anatoka mlangoni akiwa ameshavaa sare yake ya zamani. Hatujui kinanda kitakachofanya hivyo.

Kuhusu hofu ya wazazi, haya ndiyo tuliyokubaliana, na tumeyaandika. Hatutasafiri usiku, kwenda wala kurudi. Basi litaondoka hapa saa moja asubuhi, na siku ya kurudi tutakuwa tumeshavuka Nithi na Thuci kabla ya saa tisa alasiri. Tutakodi basi la shule ambalo breki zake zimekaguliwa wiki hiyo hiyo, na fundi atatupa karatasi. Kabla ya kushuka Nithi, dereva atasimamisha basi pale juu, atashuka, ataangalia magurudumu na breki, kisha atashuka bondeni kwa gia ndogo. Mwanakwaya atakayemwambia aongeze mwendo kwa sababu ana harusi ya kuwahi atateremshwa Chuka na kutafuta matatu yake. Dereva tuliyemzoea amecheka aliposikia, lakini ametia sahihi.

Kuhusu gharama, tunaanza leo. Asubuhi hii basi la mapema limetuletea masanduku manne ya mbao kutoka juu ya Nkubu. Yako kwenye meza karibu na mlango wa ofisi. Ni ya Anna na Dorsett Golden, yamechumwa jana, na Mzee amekataa kulipwa. Amesema tuyauze hapa na fedha ziingie kwenye mfuko wa basi. Kila kifuko kina matufaha matano. Watoto wa shule ya Jumapili watapewa moja moja bure, lakini baada ya ibada, na si kabla. Mama wa sauti ya kwanza ndiye mwenye daftari la fedha na la majina ya watakaosafiri Desemba. Nafasi za basi ni 51, na tatu kati ya hizo tumeziacha wazi kwa safari ya kurudi, endapo kuna atakayebadili nia tukifika kule.

Masanduku matupu msiyachukue kuwekea vifaranga, tafadhali. Anayahitaji.