Mzizi ni Neema, Lakini Usiache Kidonge



Ndugu zangu katika Uislamu, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumswalia Mtume wake (S.A.W.), napenda tuzungumze kuhusu mizizi tunayoichemsha majumbani.

Hapa Kikoneni, nani hajanyweshwa muarubaini? Wazee wetu hawakukosea. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kila maradhi yana dawa yake, na akatuhimiza tujitibu.

Hebu tutazame mti mmoja tu. Wataalamu wauita Carissa, na Wasonjo wa Tanzania wauita mugariga. Mwaka 2006 watafiti wa KEMRI walichapisha matokeo yao: maji ya mizizi yake yalizuia virusi vya herpesi, vile viletavyo malengelenge ya mdomoni. Panya walioambukizwa wakapewa dawa hiyo waliishi muda mrefu kuliko wasiopewa.

Mwaka 2011, mti huohuo ukavuma kijijini Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila aligawa kikombe kwa shilingi 500 za Tanzania, akisema chatibu UKIMWI, kisukari na saratani. Maelfu walimiminika, hata kutoka kwetu Kenya. Kuna walioacha ARV, na mwenye kuziacha, virusi huamka tena mwilini.

Je, kosa ni la mti? La! Virusi vya herpesi si vya UKIMWI. Panya si binadamu. Na maabara hupima kwa miligramu, sisi twapima kwa kikombe. Habari njema ya maabara ni mwanzo wa safari, bado si tiba.

Nalisema hili Ramadhani kwa sababu wako ndugu zetu wanaomeza vidonge kwa siri, wakidhani kuviacha ni ucha Mungu. Sivyo! Wengi siku hizi humeza ARV mara moja kwa siku, basi muulize daktari kama waweza kumeza wakati wa futari au daku. Akikukataza kufunga, Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa. Na ukinywa mizizi, mwambie daktari wala usimfiche.

Nawe kijana, ukijua jirani ameacha dawa, usimtangaze barazani. Keti naye, kisha mfuatane hospitali. Hiyo nayo ni sadaka.

Allah awaponye wagonjwa wetu na azikubali funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.