Kuomba kwa Upole katika Barua ya Kiingereza



Kiingereza si mgeni kwetu Golbanti, kandokando ya Mto Tana, ambako wamisionari wa Kimethodisti walijenga kituo chao katika miaka ya 1880. Na ijapokuwa kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili nacho kuwa lugha rasmi, barua nyingi ziendazo afisi za kaunti huko Hola zingali zikiandikwa kwa Kiingereza, na humo ndimo muungwana asiyekusudia ufidhuli hata chembe huonekana fidhuli.

Sababu imo katika sarufi. Sisi tukisema "utuletee pampu ya maji", ile irabu ya mwisho wa kitenzi yatosha kuufanya usemi kuwa ombi. Lakini maneno hayo yakihamishwa moja moja, yakawa "you bring us a water pump", upole wote hupotea njiani ikabaki amri. Wala salamu ndefu za mwanzo, ambazo katika nyaraka za wazee wetu zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zilibeba sehemu kubwa ya heshima, haziwezi kuliokoa ombi hilo, kwani Mwingereza huitia adabu yake ndani ya sentensi ya kuomba, akamwachia mwombwa hiari: "could you send us", au kwa taadhima zaidi, "we should be grateful if you would send us". Lile neno "kindly", tulitumialo afisini kila siku kwa nia njema, Waingereza wengi hulisikia kama sauti ya mtu aliyechoka kungoja.

Hata hivyo nawasihi sana: lainisheni ombi, msilainishe habari. Mto ulipofurika mwaka 2018, mwenye kuandika kwamba huenda labda pana taabu kidogo ya maji angaliwadhulumu jirani zake kwa adabu yake mwenyewe. Na ulaini mmoja watosha. Ukiurundika mara tatu, karani atamaliza barua asijue watakani.

Basi twaeni kalamu, muandike habari kwanza, ombi baadaye: "The river has entered our houses. The children have no clean water. We should be grateful if you would send a boat today."