TUWASAIDIE WENGINE NA SISI TUNA SHIDA?

Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa ushirika

Ndugu wanaushirika,

Juzi mzee mmoja alituuliza: "Kwa nini fedha za serikali ziende kusaidia nchi nyingine, na sisi mbolea hatuna?" Swali hili si la mchezo. Jibu letu ni hili.

Kwanza, nasi tulisaidiwa. Reli ya TAZARA, inayopita kwetu Makambako na Mbeya mpaka Zambia, kilomita 1,860, ilijengwa mwaka 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Jamani, China wakati ule nayo ilikuwa maskini! Na Wachina zaidi ya 60 walifia kazini.

Pili, nasi tulitoa. Pale Mgagao, Iringa, wapigania uhuru wa Zimbabwe walipewa kambi. Hatukuwa matajiri. Mwaka 1980 Zimbabwe ikawa huru.

Tatu, mzee ana haki ya kuuliza. Fedha ya serikali ni jasho lake. Basi aambiwe imetoka kiasi gani, imekwenda wapi, imefanya nini. Na anayepokea atunze. Reli ile nayo ilidhoofika kwa kukosa matengenezo.

Hoja hii iko mlangoni kwetu. Jumamosi tunapiga kura: tutoe magunia kumi ya mahindi kwa kijiji jirani kilichopigwa na mvua ya mawe, au tusitoe? Sisi kamati tunasema tutoe, na hesabu ibandikwe hapa ukutani.

Mzee, njoo uulize tena.

Umoja ni nguvu.